Uhuru wa Puto

Puto lililokatika kamba limekuwa nembo ya uhuru kwenye mabango, nyimbo na filamu, na nembo hiyo inapotosha. Ni vigumu kupata chombo kitiifu kuliko hicho. Abiria wa puto la hewa moto hulishuhudia jambo hili akiwa kikapuni: miti inapita chini, lakini bendera iliyofungwa pembeni imelala na nywele hazipepei. Upepo haumpigi kwa sababu anakwenda nao kwa kasi ileile. Kumbe kutohisi nguvu inayokusukuma si ushahidi kwamba haipo. Huenda imekubeba mzimamzima. Afuataye mitindo ya zama zake bila kusuguana nayo popote hujiona huru kwa namna hiyohiyo.

Sanaa imeligusa hili kwa pembeni. Ili puto jekundu katika filamu ya Albert Lamorisse ya 1956 limfuate mtoto mitaani Paris, ilibidi msanii alipe nia ambayo maputo hayana. Katika wimbo wa Nena wa 1983, Ujerumani ikiwa bado imegawanyika, kosa la kuyadhania maputo 99 kuwa tishio linazaa vita.

Je, basi puto halina uhuru wowote? Linao, ila mwembamba: kupanda na kushuka. Jules Verne aliuona mapema. Katika riwaya yake ya 1863, Dkt. Fergusson anaondoka Zanzibar kuvuka Afrika bila kushindana na upepo. Anapasha gesi puto lipande, anaiacha ipoe lishuke, hadi akutane na mkondo unaoelekea anakotaka. Hiyo ilikuwa hadithi tu, lakini mwaka 2020 mradi wa Loon ulitumia kanuni hiyohiyo kupeleka intaneti katika sehemu za Kenya, kwa maputo yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 angani. Pepo za huko zimepangika kwa matabaka, kila tabaka na mwelekeo wake. Kompyuta ililichagulia puto tabaka, na upepo ukafanya kazi iliyobaki. Uhuru ulianzia kwenye kuzijua pepo.

Atakayepinga ana hoja nzito: kuchagua kati ya pepo ambazo hukuziumba ni utumwa wenye orodha ya mabwana. Atatolea mfano jahazi, ambalo huweza kupiga bisho na kusonga upande unakotoka upepo. Ni kweli, lakini tuangalie linawezaje. Mkuku wake umeshika maji, nayo maji yanakataa kusukumwa kirahisi. Jahazi limetegemea vitu viwili vinavyopingana, likapata nafasi katikati yao, halikuepuka utegemezi. Puto lenye hewa peke yake lina nafasi finyu zaidi, na tofauti hiyo naikubali bila shida. Ninachokataa ni dhana kwamba uhuru huongezeka kadiri vifungo vinavyopungua. Likatae jahazi maji, nalo litabaki kupeperushwa.

Tena kuna nyakati ambapo hakuna tabaka linalokwenda unakotaka. Ndiyo maana Kenya ilihudumiwa na kundi la maputo takribani 35: moja likichukuliwa mbali, jingine lilikuwa linarejea. Hakuna lililoweza kutulia mahali pamoja, ila kundi zima liliweza kuhudumia eneo lilelile. Mradi ulipotangazwa kufungwa Januari 2021, sababu ilikuwa gharama. Upepo ulikuwa umeshapatiwa dawa.