Ramadhani 20: Kipande cha Mwisho

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu, dada yangu, leo magharibi inshaallah tunaingia kumi la mwisho. Na najua yupo anayesoma hapa huku moyoni anasema: "Mimi mwaka huu sioni kitu. Nafunga, tarawehe sikosi, lakini moyo wangu uko vilevile."

Juzi baada ya witri mwenzetu mmoja aliniambia hayohayo. Yeye na kaka yake hawasemeshani kwa sababu ya nyumba aliyoacha marehemu baba yao. Tangu mwezi mosi anajiambia, leo nitampigia. Kila akishika simu, moyo unagoma. Akaniuliza, "Sasa ustadhi, swaumu yangu inanibadilisha nini?"

Nimjibu yeye, na wewe pia, kwa mfano wa mafundi wetu wa sufuria.

Umeshawaona wanavyofanya kazi? Wanakusanya alumini chakavu, sufuria zilizotoboka na vipuri vya injini, wanaitia kwenye chombo juu ya moto mkali. Joto linapanda: nyuzi 200, 400, 600. Alumini safi ikifika nyuzi 660 inaanza kuyeyuka. Hapo sasa ndipo penye ajabu. Moto unawaka, makaa yanaongezwa, lakini joto la alumini halipandi tena. Linasimama palepale mpaka kiyeyuke kipande cha mwisho.

Ukitazama kipimo utasema moto umekufa. Kumbe joto lote linaingia ndani, linalegeza vile vifungo vilivyoifanya alumini iwe ngumu. Na si kazi ndogo: kuyeyuka peke yake kunakula zaidi ya nusu ya joto lililotumika kuifikisha hapo kutoka ilipokuwa baridi.

Fundi mjinga ndiye atakayezima moto saa hiyo. Itaganda upya, na kesho aanze mwanzo.

Mwenzangu, huenda na wewe uko hapo. Usipime Ramadhani yako kwa unavyojisikia, ukaacha safu kwa kuwa eti hujalia kwenye dua. Chochea moto.

Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 17, Mwenyezi Mungu ametupigia mfano wa haya haya madini yanayoyeyushwa motoni ili yawe mapambo au vyombo. Povu hupanda juu likaenda bure, na kinachowafaa watu hubaki. Sasa zingatia: lile povu fundi halileti yeye. Taka zilikuwemo siku zote, ila kabla ya moto hazikutengana. Basi ukiona kwenye funga hasira zinapanda, kinyongo kinapanda, usikate tamaa. Vilikuwemo. Moto umevitoa juu ili uvienguе uvitupe, si uvikoroge virudi ndani.

Jambo la mwisho. Ikishayeyuka na povu likienguliwa, fundi hachezi. Anaimimina kwenye kalibu ya mchanga ingali moto, kwa sababu ikipoa ndipo inaposhika umbo. Moyo nao ni hivyo. Ile saa unapolainika, usiku wa manane, machozi yakikulenga, ndiyo saa ya kumimina. Usiseme nitampigia siku ya Idd. Idd utakuwa umeshapoa.

Kazi ya leo: kila mmoja akitafute kipande chake cha mwisho. Deni unalolikwepa, ndugu usiyemsemesha, haramu unayoibakiza pembeni. Kitaje kwenye sijda usiku huu, kisha kabla ya alfajiri fanya hatua moja. Hata ujumbe mfupi tu: "Kaka, assalaam alaykum. Umeamkaje?"

Ewe Mola, zilainishe nyoyo zetu kwa utiifu kabla hazijagandia kwenye dhambi. Utusamehe, na utujaalie tuudiriki usiku wa Laylatul Qadri. Amin.

Futari njema. Tukutane msikitini kwa isha.