Mfupa wa Mchimbaji na Kipimo cha Wema

Wema hupimwa kwa nia ya mtenda, au kwa hali ya mtendewa? Swali hili la kale lapata uzito mpya katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, ambako kifusi huporomoka, mguu ukavunjika, na mfupa ukachomoza nje ya ngozi na kuchafuka kwa udongo.

Mfupa wa namna hiyo una adui wawili: mvunjiko wenyewe, na bakteria. Hawa hujishikiza kwenye mfupa uliokufa au kwenye chuma cha kuuungia, wakajifunika utando ambao dawa ipitayo katika damu haiupenyi kwa urahisi. Ndipo wataalamu walipofikiri kuitia dawa pale pale penye jeraha. Mwaka 1970, huko Ujerumani, Buchholz na Engelbrecht walieleza saruji ya mifupa iliyochanganywa na gentamisini. Baadaye zikatengenezwa shanga za saruji hiyo, zikatungwa katika waya na kufukiwa ndani ya kidonda.

Shanga hizo hazina budi kusifiwa, ila haziyeyuki. Hutoa dawa nyingi siku za mwanzo, kisha haba kwa haba. Na dawa haba ikikawia huwazoeza bakteria kuistahimili. Hivyo mgonjwa hupasuliwa tena zitolewe. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita, alipwaye kwa mgawo wa mawe, akatibiwa Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, upasuaji huo ni safari ya pili, nauli ya pili na siku nyingine bila riziki. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limefupisha njia. Mfuko wake haukujaa kwa hilo.

Ipo pia kalsiamu salfeti, plasta itokanayo na jasi, ambayo huchanganywa na dawa na kuyeyuka yenyewe mwilini, ikauachia mfupa nafasi ya kuota. Aliye mbali na hospitali ndiye aihitajiye zaidi, na mara nyingi ndiye asiyeimudu.

Huenda mtu akasema: mchimbaji aliijua hatari, akairidhia. Lakini ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa ya namna gani? Dhahabu ivaliwayo harusini hupimwa kwa gramu, na mguu wa aliyeichimba haumo katika mizani. Lau ungewekwa humo, bei ingetosha kununua kwanza magogo ya kuegemeza kuta za shimo, kisha plasta hiyo. Mpaka hapo, anayeivaa angali na deni kwa aliyeichimba.