Nani Amlishe Mwimbaji?

Majuma machache yaliyopita vijana wa parokia yetu hapa Lubumbashi walitaka ruhusa ya kuonyesha picha ya sinema uwanjani, nyuma ya kanisa. Walishona shuka mbili pamoja, wakazitundika ukutani, wakaazima mashine, wakawawekea wazee viti mbele. Picha yenyewe si ya jana. Jina lake ni La Vie est belle, maana yake Maisha ni Mazuri, nayo ilitengenezwa Kinshasa mwaka 1987 na mabwana wawili: Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Benoît Lamy, Mbelgiji. Haina majumba ya kifalme wala vita vya farasi kama sinema za Marekani. Ina njia za mji, baa za mji, nyumba za mji, na nyimbo nyingi.

Wasioiona tuwasimulie kwa kifupi. Kijana Kourou atoka kijijini, hana kitu mfukoni, aja Kinshasa kwa kuwa ataka kuwa mwimbaji. Mahali pa kuimba hapati. Apata kazi ya boi katika nyumba ya tajiri Nvouandou, mwenye baa. Ampenda msichana, Kabibi. Kumbe tajiri naye, kwa shauri la mganga, amtaka binti yule yule awe mke wake wa pili. Hapo yanatokea mambo ya kuchekesha na ya kuaibisha pia, hata mwisho kijana apata kusimama jukwaani na kuimba. Anayemwigiza Kourou ni Papa Wemba mwenyewe, mwimbaji aliyejulikana Kongo nzima na mbali zaidi.

Umeme ulikatika mara mbili, watoto wakapiga kelele, lakini watu hawakuondoka. Picha ilipokwisha, mama mmoja wa Legio ya Maria, mtu wa maneno machache, aliuliza:

– Picha ni nzuri. Lakini niambieni, wanangu, kijana huyu kazi yake nini?

– Mama, si umeona? Anaimba.

– Kuimba nimeona. Nimeuliza kazi.

Vijana walicheka sana. Sisi hatukucheka, maana tulipokwenda kulala swali lile lilikwenda nasi.

Yafaa kwanza tukumbuke tunaishi mji gani. Lubumbashi ulizaliwa na shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji ukafuata nyuma yake, na baba zetu walikuja hapa kutoka pande zote kwa ajili ya neno moja tu: kazi. Kwetu sisi neno hili lina maana yake ya pekee. Mwanamke anayelima shamba lake toka alfajiri hasemi kwamba ana kazi. Anayeuza makala kando ya njia, ukimwuliza, atakujibu kwamba hana kazi, anatafuta. Kazi ni kampuni, ni reli, ni namba, ni posho ya mwisho wa mwezi. Kampuni ikawa Gécamines baada ya mwaka 1967, kisha ikadhoofika, na watu wengi wakakaa bila mshahara. Lakini neno halikubadilika. Kwa hiyo Mama hakumtukana Kourou. Alisema Kiswahili cha kwetu. Kisichokuwa na mshahara si kazi, na kuimba hakuna mshahara.

Lakini hebu tuyageuze maneno haya upande wa pili. Je, kuimba si kazi kwa kuwa hakulipwi, au hakulipwi kwa kuwa sisi tumekwisha kuamua kwamba si kazi? Hili ndilo tunalotaka kulichungua, maana likiwa la pili, basi kuna watu tunaowadai nguvu zao na kuwanyima ujira, na jambo hilo lina jina lake katika katekisimu.

Wengine watatujibu mara moja: sauti ni zawadi ya Mungu, na kilichopokewa bure kitolewe bure, kwaya yetu huimba kila Dominika wala hatuilipi. Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Walakini mwanakwaya huimba Dominika, na Jumatatu yuko dukani au shuleni kwake. Anatoa sehemu ya siku yake, na sehemu ile nyingine inamlisha. Mpiga gitaa wa arusi hufanya mazoezi siku nne, hununua nyuzi, hulipa gari la kubebea vyombo, huimba toka saa mbili ya usiku hata jogoo awike. Huyo ametoa siku nzima. Tena mikono ya seremala nayo ni zawadi ya Mungu, lakini hatumwambii atuchongee vitanda bure.

Wala tusidhani kwamba kulipia wimbo ni desturi mpya iliyoletwa na santuri. Mama yake Papa Wemba alikuwa mwomboleza: aliitwa misibani ili alie na kuimba kwa ajili ya wafu wa watu wengine, naye alimchukua mtoto wake pamoja naye. Huko ndiko mtoto alikojifunza kwanza sauti ya huzuni, kabla ya kwaya ya kanisa na kabla ya Zaïko Langa Langa ya mwaka 1969. Wazee wetu walijua kwamba anayeubeba msiba wako kwa sauti yake hapaswi kurudi kwake mikono mitupu.

Sasa twende kwa mtu wa kwetu. Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa mwaka 1930, wa watu wa Bayeke, alikuwa akipiga gitaa lake Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alipomkuta na kumrekodi mwaka 1952. Wimbo wake Masanga ulikwenda mbali kuliko treni zote za Katanga. Vijana wa Nairobi walijaribu kuzifuata kwa vidole vyao zile sauti mbili zinazotembea pamoja katika gitaa moja. Mwenyewe alikaa huko kitambo, akisikilizwa katika redio. Mwaka 1969 aliimba Newport, Marekani, mbele ya umati mkubwa. Hata hivyo Mwenda hakulitegemea gitaa peke yake. Alirudi hapa, akafanya kazi za ofisini na biashara kama watu wengine, mpaka alipokufa katika ajali ya gari mwaka 1990.

Mama wa Legio angependa mfano huu. Mtu ana kazi yake, na jioni ana gitaa lake. Bukari haitoki katika wimbo, kwa hiyo wimbo hauogopi mtu. Twakiri kwamba katika nyimbo za Mwenda mna uhuru fulani: huonya, huchekesha, husimulia mambo ya mtaani, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga kisicho na tai shingoni. Kuna sinema nyingine ndogo, Once ya mwaka 2007, iliyopigwa Dublin katika siku 17 hivi kwa fedha kidogo sana, na waigizaji wake wakuu wawili ni wanamuziki wenyewe. Yule bwana hutengeneza mashine za kufyonza vumbi katika duka la baba yake, na nje ya hapo huimba njiani. Ni desturi ya Mwenda, huko Ulaya.

Basi njia hiyo ipo, na ni njia ya heshima. Lakini tusiifanye sheria kwa wote. Mwenda alipata ofisi. Vijana wangapi wa Katuba na Kenya wapata ofisi leo? Tukimwambia kijana, “Tafuta kazi kwanza, halafu uimbe,” nasi twajua kwamba kazi hakuna, tumemwambia tu anyamaze, ila kwa maneno ya adabu.

Asiponyamaza, je? Hapa twafika mahali panapouma. Mwimbaji asiyelishwa na wasikilizaji wake atalishwa na mtu mwingine. Wasomaji wanaijua desturi inayoitwa kwa Kilingala libanga, yaani jiwe. Mwenye fedha hulipa, na jina lake hutajwa ndani ya wimbo: mfanya biashara, mheshimiwa, ofisa, wakati mwingine mtu ambaye fedha zake hazina maelezo. Siku hizi kuna nyimbo ambazo, ukiyatoa majina, hubaki kidogo sana. Nasi tuketipo tukisikiliza, twatikisa kichwa na kusema: wanamuziki hawa wameuza vinywa vyao. Ni kweli, wameviuza. Lakini sisi tuliosikiliza bure miaka ishirini, tulitegemea viendelee kulishwa na nani?

Hatusemi haya ili kumtakasa kila mwimbaji. Papa Wemba mwenyewe alishikwa huko Ufaransa mwaka 2003, akahukumiwa mwaka uliofuata kwa kosa la kuwaingiza watu Ulaya bila haki chini ya jina la bendi yake. Njaa ya mtu haimpi ruhusa ya kila kitu. Tena wakati ule hakuwa na njaa. Kosa ni kosa. Alikufa mwaka 2016 akiwa jukwaani, Abidjan, tarehe 24 Aprili, mbele ya watu waliokuwa wakimtazama akiimba, na Kinshasa ilimlilia kama mtoto wake.

Yuko pia aliyedhulumiwa wazi. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi wimbo Mbube huko Johannesburg mwaka 1939. Ulimwengu mzima umeuimba, mpaka katika sinema za watoto. Yeye aliziuza haki zake kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962. Watoto wake walipata mapatano mwaka 2006 tu, tena kwa kupitia mahakama. Twamtaja kwa sababu ni rahisi sana kukasirikia wenye viwanda vya santuri. Dhuluma yao ina karatasi na sahihi. Dhuluma yetu haina karatasi: ni vicheko, makofi, chupa moja ya bia mezani, na “Asante, Yaya, Mungu atakubariki.”

Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake, hakuona haya kusema habari za ujira wao. Hakuwaambia wale wenyeji kwamba neno la Mungu lina bei. Aliwakumbusha kwamba anayelileta ana tumbo. Labda tofauti hii ingetusaidia. Wimbo wenyewe hatuwezi kuununua, hata tukitaka. Ukishausikia ni wako, utakwenda nao shambani na hakuna wa kukunyang'anya. Tunachodaiwa ni usiku wa mtu, koo lake, na vidole vyake.

Siku ya pili baada ya sinema tulimwendea mzee mmoja wa parokia, mpiga gitaa toka ujana wake, tukamwuliza ameimba katika arusi ngapi za wakristo wetu. Akahesabu kwa jina, ukoo kwa ukoo, akafika zaidi ya arobaini, akachoka.

– Na walikulipa nini, Mzee?

– Walinipa chakula, akasema. Chakula kizuri. Mara mbili walinipa na shati.

Tulilipeleka neno hili katika baraza la parokia, tukashauri kwamba wanaofunga ndoa waandike pia fungu la mpiga muziki, kama wanavyoandika la mpishi na la mwenye viti. Bwana mmoja alisema kwamba arusi zimekwisha kuwa ghali mno. Mwingine alisema kwamba Mzee hajalalamika kamwe. Mama wa Legio alikuwapo. Aliuliza kama mwenye viti naye amewahi kuambiwa angoje mpaka alalamike. Shauri likaahirishwa mpaka mwezi ujao. Jumamosi hii kuna arusi, na Mzee amekwisha kualikwa.