Nafsi na Vazi

Kila kijana hutamani kuwa yeye mwenyewe. Tamaa hiyo ni njema, maana mtu hakuzaliwa ili awe kivuli cha mwenziwe. Lakini liko swali lililo gumu kuliko tamaa yenyewe: mtu hujulikanaje kuwa ni yeye, wala si mwingine? Je, ni kwa vazi lake, au ni kwa jambo lililo ndani yake?

Msomaji, fikiri kwamba umesimama katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Upande mmoja zimepangwa ndizi na viazi. Upande mwingine nguo za mitumba. Kijana anapekua makoti, moja baada ya jingine. Amemwona mwimbaji wa muziki wa roki katika simu yake, naye anatafuta koti lililo kama la mwimbaji yule. Ukimwuliza sababu, atakujibu, “Nataka kuwa tofauti na watu.” Jawabu hili ni kitendawili: anatafuta kutofautiana kwa njia ya kufanana. Tusimcheke, kwa kuwa wengi wetu tumekwisha kupekua rundo lile lile.

Ili tulifumbue fumbo hili, tuitazame filamu moja ya wimbo. Tarehe 5 Septemba 1946, huko Unguja, alizaliwa mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza. Mwaka 1975 kundi hilo lilitengeneza filamu fupi ya wimbo wao Bohemian Rhapsody, chini ya uongozi wa Bruce Gowers. Kazi ya kuipiga ilichukua muda wa saa nne hivi tu.

Humo hamna majumba ya fahari wala magari. Sehemu yake mashuhuri kuliko zote ni giza, na katika giza nyuso nne, zimewekwa karibu karibu, nuru ikiziangukia kutoka juu. Giza limefunika karibu kila kitu kingine. Hapa tunapata funzo la kwanza: aliyetaka kutuonyesha mtu hakuongeza mapambo, bali aliyapunguza, mpaka tukabaki na uso.

Funzo la pili ni kwamba nyuso zile ni nne. Kila mmoja anaonekana wazi zaidi kwa kuwa wenzake wapo kando yake. Upekee si upweke. Jiwe likiwa peke yake jangwani halijulikani kama ni kubwa au dogo. Hujulikana likiwa kati ya mawe mengine.

Kisha inakuja ajabu. Uso mmoja unazaa nyuso nyingi, zikifuatana kwenda mbali. Hila yenyewe ilikuwa nyepesi: kamera ilielekezwa kwenye kioo kilichokuwa kikionyesha picha ya kamera ile ile. Picha ikazaa picha, na kila iliyozaliwa ikawa ndogo kuliko mzazi wake. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa mtu anayeiga. Anayemwiga mwimbaji ni mdogo kuliko mwimbaji, na anayemwiga mwigaji ni mdogo zaidi, hata mwisho husalia nukta gizani.

Pengine utanipinga, msomaji, useme, “Je, wao wenyewe hawakuiga?” Naam, waliiga. Mpango ule wa nyuso nne ulitokana na picha ya jalada la sahani yao ya mwaka 1974, iliyopigwa na Mick Rock. Naye aliongozwa na picha ya mwigizaji Marlene Dietrich, iliyopigwa kwa ajili ya sinema ya mwaka 1932. Basi kuazima si kosa. Hakuna aliyejitungia lugha anayoisema, wala aliyejifuma nguo yake ya kwanza.

Tofauti iko katika kusudi. Mmoja huazima kwa sababu ana neno la kusema, naye anatafuta chombo cha kulichukulia. Mwingine huazima ili asilazimike kuwa na neno lolote. Wa kwanza akivuliwa koti, wimbo wake hubaki. Wa pili akivuliwa koti, hubaki nini?

Kwa hiyo simwambii kijana wa Gakoromone aliache koti lile. Na alinunue, kisha alipeleke kwa fundi wa cherehani, apunguze mikono na kubana mabega, mpaka limkae yeye aliye hai, si yule aliyelivaa kwanza. Na njiani kwenda nyumbani ajiulize swali ambalo fundi hawezi kumjibia: nikisimama gizani, nuru ikiuangukia uso wangu tu, nitakuwa na neno gani la kusema?