Kobe Hapigi Kelele

Kuna swali ambalo sisi wanafunzi wa kambini tunalipita haraka kwa sababu linaonekana dogo: je, kiumbe asiyedai kitu anastahili kupewa kidogo? Mimi limenijia kwa njia ya kobe. Tangu muhula uanze nimekuwa nikifikiria kufuga mmoja, na karibu kila niliyemwambia amenijibu vilevile: "Huyo ndiye mnyama wako. Kobe hana shida."

Hebu niiweke hesabu yenyewe wazi. Asubuhi nafundisha shule ya msingi kwa posho. Mchana nasoma diploma kwa intaneti, na mtandao ukikubali nakaa nayo mpaka usiku. Katikati kuna foleni ya maji, foleni ya chakula, na kupika. Mbwa atataka kula ninachokula mimi, na mgao ukipunguzwa sijui nani kati yetu ataanza kulala njaa. Mbuzi anataka mchungaji. Kuku ni wazuri, lakini jirani ana kibustani cha sukuma wiki na mimi sitaki kesi. Kobe je? Anakula majani, habweki, na usipomwangalia siku mbili hakuulizi ulikuwa wapi. Kwa mtu mwenye mitihani, unataka nini tena?

Hoja ni nzuri, ila imejaa mambo yangu mimi tu. Muda wangu, chakula changu, mitihani yangu. Kobe mwenyewe ametajwa kwa yale asiyoyafanya.

Najua wako watakaosema sheria imeshamaliza mjadala. Hapa Kenya, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi tu kumwokota kobe porini ukamfanya wako, unahitaji kibali. Ni kweli, na ni vizuri kila mtu alijue hilo. Lakini sheria inaniambia nisifanye nini. Haijanieleza mimi na kobe tunadaiana nini, hata kama kibali ningekuwa nacho mkononi.

Basi tumwangalie mwenyewe. Watu hudhani gamba ni nyumba aliyojitwika, kama sisi tulivyobeba mabegi yetu. Sivyo. Gamba ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na lina hisia. Anayelitoboa ili apitishe kamba amemtoboa kobe mwenyewe. Lakini kobe hapigi kelele, kwa hiyo aliyetoboa analala usingizi mzuri. Vilevile anaweza kukaa wiki nyingi bila kula vizuri na kwa macho yetu akaonekana yuleyule. Anaugua polepole kama anavyotembea. Na kuna jambo moja ambalo mtu wa foleni ya maji atalielewa upesi: kobe wa nchi kavu huweka akiba ya maji kwenye kibofu chake, na ukimwinua akashtuka anaweza kuimwaga yote. Wewe unacheka kwamba amekukojolea, kumbe yeye amepoteza maji ya kumvusha kiangazi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi naona mshindo wenyewe mara nyingi tunausikia tukiwa tumechelewa.

Sasa hapa ndipo kobe alipoanza kunisumbua kweli, maana neno "hana shida" nimelisikia mahali pengine. Linasemwa juu ya familia fulani kwenye mtaa: "Hao ni watulivu, hawana shida." Linasemwa juu ya mama anayesimama mwisho wa foleni na kuondoka bila neno vitu vikiisha. Linasemwa juu ya mzee ambaye hajawahi kwenda kulalamika ofisini. Ndugu msomaji unayefanya kazi na mashirika, sikuandikii haya kwa kukushtaki. Meza yako imejaa, simu inalia, na anayepiga kelele yuko mlangoni. Utamsikiliza nani kwanza? Mimi pia, na mitihani yangu, nilimtaka kobe kwa sababu hiyohiyo. Mtu mwenye shughuli nyingi huwapenda watulivu kwa kuwa wanamruhusu awasahau. Hahitaji kuwa na roho mbaya. Shughuli peke yake zinatosha.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: anayedai kidogo hadaiwi kupewa kidogo. Pengine anahitaji macho zaidi kuliko anayepiga kelele, kwa sababu kelele ni msaada ambao mwenye shida anampa anayemtunza. Mtoto akilia, amekufanyia nusu ya kazi. Kobe hakufanyii hata robo. Inabidi umtafute wewe, umguse, umwangalie macho, uhesabu alichokula jana.

Jambo la pili ni miaka. Kobe wale wenye madoa, wanaopatikana sehemu nyingi kavu za Afrika Mashariki, wanaweza kuishi miaka 50 na kuendelea. Kambi yetu ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na ilianza kama kitu cha muda. Kobe aliyeanguliwa mwaka ule bado anaweza kuwa na miaka mingi mbele yake. Na mimi? Jina langu likitoka kesho kwamba naenda Kanada, nitampeleka wapi? Kobe naye anahitaji karatasi kuvuka mpaka, maana kobe wote wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea. Sijui kesi ya nani ingechelewa zaidi, yake au yangu.

Rafiki yangu mmoja alinipinga hapo. Alisema: "Ukingoja maisha yatulie, hutafuga, hutaoa, hutapanda hata mti. Kwani mkimbizi haruhusiwi kuahidi kitu?" Hoja hii ni nzito na sitaki kuikwepa. Miarobaini tunayokaa chini ya vivuli vyake ilipandwa na watu ambao wengine walishaondoka zamani. Kama wangesubiri uhakika, sisi tungekuwa juani.

Lakini mti unaachiwa ardhi. Kobe anaachiwa mtu, na huyo mtu lazima awepo. Katika kisiwa cha Saint Helena yuko kobe anayeitwa Jonathan, aliyeletwa mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa. Magavana wengi wamekuja na kuondoka, yeye akabaki, kwa sababu kumtunza ni kazi ya nyumba ya gavana na si mapenzi ya gavana mmoja. Hapa karibu zaidi, kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kilipewa kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana, mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, na kufikia 1996 walibaki saba. Aliyetoa zawadi hakuwepo tena, na kwa miaka mingi ahadi yake haikuwa na mwenyewe. Baadaye ulinzi uliwekwa na idadi ikapanda tena.

Kwa hiyo namjibu rafiki yangu: ndiyo, mkimbizi anaweza kuahidi, hata ahadi inayompita umri. Ila aahidi pamoja na wengine, na awaulize mapema. Kumwachia jirani kobe usiku wa kuamkia safari, magari yakiwa yanasubiri, ni kumtwika tu mzigo. Hapo hakuna ahadi iliyopokelewa.

Mimi nimeuliza watu wawili kama wangempokea. Mmoja alicheka. Mwingine, yeye mwenyewe anasubiri kuondoka. Basi kwa sasa sifugi kobe, hata kibali kikipatikana, na sioni kama nimepoteza.

Ila swali limebaki nami kazini. Darasa langu lina watoto zaidi ya 100, na majina ya wenye kelele yanajulikana wiki ya kwanza. Siku hizi nikiuliza swali, naanzia dawati la nyuma.