Majivu, Mfungo na Toba: Maneno ya Kwaresima kwa Sisi Tulio Ugenini

 

Kila mwaka Mama Kanisa anatuita katika Kwaresima. Neno hili lilitoka katika Kilatini na maana yake inahusu arobaini, kwa kukumbuka siku 40 ambazo Bwana Yesu alifunga jangwani. Ukihesabu tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata siku 46, lakini Jumapili 6 hazihesabiwi, kwa kuwa kila Jumapili ni siku ya Ufufuko.

Wapendwa, maneno na alama za kipindi hiki tumezizoea tangu utoto. Lakini kwetu sisi tuliokimbia vita, alama hizo zinaweza kugusa kidonda. Ndiyo maana tumeona vema tuzitafakari pamoja.

MAJIVU. Wako wazazi kati yetu wanaoona uzito kupakwa majivu. Majivu wameyaona ya kutosha: ya nyumba, ya ghala, ya kijiji kizima. Tena wako watu wanaotuambia kwamba yaliyotupata ni adhabu ya Mungu kwa dhambi zetu. Ndugu, someni Luka 13:1-5. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Bwana Yesu alikataa kabisa kusema kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliwaita wote watubu, waliopatwa na wasiopatwa.

Majivu ya Kanisa hayatoki katika nyumba iliyochomwa. Kwa desturi yanatoka katika matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, matawi yale tuliyoyainua tukimshangilia Bwana. Hupakwa padri, hupakwa mwenye nyumba na mpangaji wake, mwenyeji na mgeni. Kama yangekuwa alama ya adhabu ya wakimbizi, wenyeji wasingepanga mstari pamoja nasi.

Na tukumbuke mahali tulipo. Tarehe 3 Juni 1886 Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale Namugongo, si mbali na mji huu. Walioukoka moto walidhani kila kitu kimebaki majivu? Hapana, imani ilikua. Mpaka leo kila tarehe 3 Juni mahujaji wanajaa mahali pale pale, wengine wakivuka mipaka ya nchi ili wafike.

MFUNGO. Mama anayetembeza vitenge tangu asubuhi, akirudi na posho ya kutosha watoto tu, atauliza: mimi nifunge nini tena? Swali hilo ni la haki. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wenye miaka 18 mpaka 59 wafunge siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Watoto, wazee, wagonjwa na wajawazito hawabanwi. Njaa ya umaskini si mfungo, na mzazi asimnyime mtoto chakula kwa jina la Kwaresima. Nabii Isaya, sura ya 58, anatuonyesha mfungo anaoupenda Mungu: kugawana mkate na mwenye njaa na kumkaribisha asiye na makao. Wengi wenu mmekwisha kuufunga mfungo huo. Mmepokea familia nzima katika chumba kimoja, mkatandika mkeka mwingine. Mungu ameona.

TOBA. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Manabii nao, katika Kiebrania, walipowaita watu watubu walitumia neno la mtu anayegeuka njiani na kurudi. Sisi neno kurudi linatuuma. Watoto wanauliza: tutarudi lini? Siku ya kurudi nyumbani hatuijui, wala hatutawadanganya. Lakini kuna kurudi ambako hakungoji vita viishe. Hakuhitaji kitambulisho, wala nauli ya basi, wala mahojiano. Katika Luka 15 yule mwana alikuwa katika nchi ya mbali, na baba yake alimwona angali mbali, akamkimbilia.

Ila tusikilize vizuri: hakuna kumrudia Baba huku tumemfungia ndugu mlango. Katika ua mmoja hapa Kansanga anaweza kukaa mtu anayesema lugha ya wale waliotufukuza. Hatuwaambii msahau wafu wenu. Wala kusamehe si kukataa haki itendeke. Tunawaambia hivi: msiwarithishe watoto chuki. Yule jirani hakushika kiberiti. Yeye naye anasubiri kurudi.

Basi, Kwaresima hii kila jumuiya imtafute mtu mmoja ambaye imeacha kumsalimu, iende kumsalimu. Huo ndio mwanzo wa toba.

Bwana aliyetoka kaburini awavushe salama mpaka Pasaka, ninyi na watoto wenu, na wale mlioachana nao njiani. Amina.