Safari ya Upweke na Deni la Kurudi

Ni nadra kumpata mwalimu ambaye hakutamani, walau siku moja, kufunga mlango wa darasa, kushika fimbo yake na kwenda zake peke yake mahali asipojulikana. Husema moyoni kwamba huko, kati ya miti na maji, nafsi yake itaamka. Wahenga walituambia tutembee tuone. Lakini walituambia pia kwamba mtu ni watu. Maneno haya mawili yaonekana kuvutana, na katika mvutano huo ndimo lilimo swali la makala haya: Je, mtu aliyeamshwa na upweke anawiwa na wale aliowaacha?

Kwanza tuitazame lugha yenyewe. Upweke ni hali ya kuwa bila mwenzi, nao waweza kumlemea mtu hata sokoni penye watu tele. Faragha ni nafasi aitafutayo mtu kwa hiari, apate kuwaza bila kuingiliwa. Asafiriye peke yake hutoka akitafuta faragha, na mara nyingi hukutana na upweke kwanza. Siku za mwanzo hazina nuru. Zina woga, na kelele za mambo ya nyumbani humfuata njiani. Hapo ndipo wengi hugeuka wakidhani wamekosea njia, kumbe ndiyo kwanza wameianza.

Historia yatupa mfano wa mwalimu mwenzetu. Al-Ghazali, mzaliwa wa Tus katika nchi ya Iran, alikuwa akifundisha Baghdad katika chuo cha Nizamiyya, mbele ya wanafunzi wapatao 300. Alikuwa na cheo, na sifa zake zilienea kila upande. Lakini mwaka 1095 alijihoji kwa nini anafundisha, akaona ya kuwa nia yake ni jina na heshima. Alisitasita kwa muda wa miezi sita hivi, hata ulimi wake ukafungika, asiweze kutamka neno darasani. Chakula nacho kikamkataa. Hatimaye aligawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake, akaondoka. Huko Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Alifika Jerusalem na Makka, na baadaye maombi ya watoto wake yakamrudisha kwao. Mwaka 1106 alikubali kufundisha tena, safari hii katika mji wa Nishapur. Yeye mwenyewe aliandika kwamba, ingawa alirudi kwenye kazi ile ile, hakuwa amerudi alikotoka: zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa elimu ya kukiachia cheo.

Mfano wa pili watoka katika hekaya iliyotungwa Andalusia katika karne ya 12 na mwanafalsafa Ibn Tufayl. Hayy, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, anafiwa na mlezi wake akiwa na umri wa miaka saba. Anampasua kifua akitafuta kilichoharibika, na anatambua kwamba yule aliyempenda hakuwa mwili ule. Tangu hapo anawachunguza wanyama, moto na nyota, mpaka anamfikia Muumba pasipo mwalimu wala kitabu. Akiwa amekwisha kuwa mtu mzima anakutana na Absal, mcha Mungu aliyekuja kutafuta faragha, naye anamfundisha kusema. Wanakwenda pamoja kwa watu ili Hayy awaamshe. Watu hawamwelewi, nao wanaanza kumchukia. Hayy anawaomba radhi, anawaacha na desturi zao, na kurudi kisiwani pamoja na Absal.

Twaonaje basi? Mmoja alirudi akafundisha. Mwingine alijaribu, akakata tamaa. Wapo wasemao kwamba Hayy alikuwa na busara, kwani macho yaliyozoea giza huumizwa na mwanga wa ghafula. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sisi tulio walimu twaona kosa jingine. Hayy aliwapa watu matunda ya safari yake bila kuwaonyesha njia. Miaka mingi ya kutazama na kukosea aliifupisha katika mazungumzo ya siku chache. Ni sawa na kumpa mwanafunzi majibu ya hesabu pasipo kumwonyesha jinsi yalivyopatikana.

Sisi tuandikao makala haya tuliwahi kuijaribu safari ya namna hiyo. Tulikuwa tumechoka, ngeli za majina zilitutoka kinywani bila sisi wenyewe kuwamo, na tulikuwa tumeazimia kutorudi darasani. Likizo moja tulipanda hadi Teza, nchini Burundi, mahali mashamba ya chai yanapopakana na msitu wa Kibira. Kwenye mgongo wa milima ile maji hugawanyika: mvua inyeshayo upande wa magharibi huteremkia Rusizi na Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni mto Kongo na bahari ya Atlantiki, ile ya upande wa mashariki huingia Ruvubu na Kagera, ikapita Ziwa Viktoria na Nili hadi bahari ya Mediterania. Matone mawili yaliyotoka katika wingu moja hutenganishwa na ukingo usiozidi upana wa unyayo. Tuliketi hapo asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hatukuwa na haja ya kumwambia mtu neno lolote.

Ndipo akapita mama mmoja mzee mwenye mzigo wa kuni kichwani. Tulimwamkia. Akatuuliza, "Mwanangu, umepotelewa na nani?" Tukamjibu kwamba hatukupotelewa na mtu. Alitutazama kidogo, akasema, "Basi shuka kabla ya mvua," akaenda zake.

Swali lake lilitutahayarisha. Mama yule hupita peke yake kando ya msitu huo kila apatapo haja ya kuni, wala hapana aiitaye safari yake mwamko wa roho. Sisi tulipata nafasi ya kuketi kwa sababu nyumbani kulikuwa na mwingine aliyebeba kuni zetu. Faragha yetu ilikuwa mkopo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kwenda peke yako si dhambi. Wakati mwingine ni wajibu, kwani ulimi uliofungika haufundishi. Lakini Al-Ghazali aliwawekea watoto wake riziki kabla ya kutoka, na baadaye alirudi. Deni la msafiri halilipwi kwa kusimulia aliyoyaona. Hulipwa kwa kuwapa wengine nafasi ya kwenda: kumshikia mwenzake darasa, na kumtua mama mzigo walau kwa siku moja.

Tulishuka kabla ya mvua. Shule zilipofunguliwa tulizirudia ngeli zile zile, na safari hii sisi wenyewe tulikuwamo.